Nyusi za Nanay Presing

Nanay Presing, nanay kwetu ni mama, alizinyoa nyusi zake akiwa msichana, mwaka ule ambao wasichana wote wa mji wetu walinyoa. Za wenzake ziliota tena. Zake ziligoma. Tangu hapo akawa anazichora kwa wanja kila asubuhi, mbele ya kipande cha kioo alichokichomeka kwenye ukuta wa jikoni, kabla hata hajaanza kufunga wali wa kunata kwenye majani ya mnazi kwa ajili ya kuuza. Kufunga wali kunataka mkono mwepesi, na wepesi huo aliupeleka mpaka usoni. Alizichora kwa mpigo mmoja, na alizichora juu mno.

Sasa kwetu, upande huu wa kusini wa mkoa wa Iloilo, mtu akiinua nyusi amesema ndiyo. Hatufungui mdomo kwa jambo dogo kama hilo. Muuza samaki unamuuliza, "Wa leo hawa?" anainua nyusi, unanunua. Mwalimu anamuuliza mtoto kama ameelewa, mtoto anainua nyusi, somo linaendelea. Kwa hiyo mwanamke ambaye uso wake unasema ndiyo kutwa nzima, mpaka akiwa amelala, ana taabu zake. Watu walimwomba chumvi wakachota kabla hajajibu. Waliomba kuazima ngazi, sufuria, hata kiti alichokalia. Mumewe, mzee Ambo, alishikilia kwamba posa yake nayo ilikubaliwa hivyo hivyo.

"Nilimuuliza, unanitaka? Nikazitazama nyusi. Nikaenda kumwambia mama apike."

"Nilikuwa bado nafikiria," Presing alikuwa akijibu.

"Tuna wajukuu Manila, mama. Unafikiria mpaka lini?"

"Usiniharakishe, mzee."

Na ndivyo walivyoingia watoto katika nyumba ile. Watoto wao wa kuzaa walikuwa wameshakua na kwenda zao, nyumba imebaki na mwangwi na majogoo wa mzee Ambo wa kupigana, wakati masista wa nyumba ya watoto ya mjini walipokuja kuuliza kama kuna familia inayoweza kukaa na kichanga kwa majuma machache, mpaka wazazi wake wapya wafike kutoka ng'ambo. Presing alitaka kusema, ngoja nimuulize mume wangu. Masista walishamtazama usoni. Kichanga kikawekwa mapajani mwake, na masista wakarudi mjini wakiimba.

Baada ya kile cha kwanza vikaja vingine. Aliwapokea wakiwa na vipele na kuhara, akawarudisha wakiwa na mashavu. Walikwenda nchi ambazo majina yake aliyasahau makusudi. Siku ya mtoto kuondoka Presing alikuwa na utaratibu wake. Alipika, alitania, alipunga mkono mpaka gari likate kona, kisha akaingia jikoni na kukata vitunguu. Alikata vitunguu hata kama hakuna cha kupika. Wiki nzima iliyofuata kila kitu nyumbani kilikuwa na vitunguu, na mzee Ambo alisema anajua mtoto ameondoka kwa ladha tu ya mchuzi, hana haja ya kuangalia susu ya kulalia mtoto.

Lakini Beling hakuondoka.

Jina lake kamili lilikuwa Jovelyn, na alikuja akiwa amefungwa taulo, kitovu hakijaanguka. Familia ya kwanza iliyomtaka ilibadili mawazo. Kisha ofisi ikahama jengo, na mafaili yakahama kwa mwendo wao. Siku zikawa miaka. Beling alijifunza kutembea akiwa ameshika mkia wa jogoo mmoja mvumilivu, alijifunza kutukana kutoka kwa majirani, na kutoka kwa Presing alijifunza kusema ndiyo bila kupoteza pumzi. Kwa mdomo ungeweza kukaa naye mwezi usilisikie neno hilo. Alikuwa anaziinua nyusi zake mbili ndogo, nyeusi, za kuota zenyewe, na hiyo ilikuwa saini.

Alipokaribia umri wa kuanza shule, Presing na Ambo walivaa nguo za kanisani wakaenda ofisini kuomba wamuasili wenyewe. Afisa wa ustawi wa jamii aliwakaribisha vizuri. Alizitazama mvi zao, akautazama mkono wa kushoto wa mzee Ambo ambao kiharusi kilikuwa kimeutoa kazini.

"Mzee, mtoto huyu akimaliza shule, ninyi mtakuwa wapi?"

"Makaburini," alisema mzee Ambo. "Pale kando ya barabara. Atatupungia akipita."

Afisa alicheka, kisha akatoa kitambaa akajifuta macho, kisha akakataa. Aliwaeleza kwamba wamepatikana mume na mke kutoka Uswidi, watu wazuri, watakuja kukaa wiki moja na mtoto. Siku ya mwisho watamuuliza wenyewe, taratibu, pasipo umati. Akikubali, wampigie simu naye aje na karatasi. Akikataa, hatalazimishwa. Atabaki pale pale kwa Presing mpaka apatikane mwingine. "Ila niwaambie ukweli," alisema. "Mtoto mkubwa hivi, huenda asipatikane mwingine."

Presing aliyasikia maneno yote hayo. Njiani kuelekea nyumbani lililokuwa limebaki kichwani lilikuwa moja tu: atabaki pale pale.

*

Wageni walifika na mvua. Mwanamke aliitwa Ulrika, mrefu, mwenye mabega, na kwao alikuwa dereva wa mtambo wa kusukuma theluji barabarani. Mwanamume alikuwa seremala, jina lake Torbjörn, neno ambalo midomo ya mji wetu ililijaribu kwa muda mfupi na kuliacha. Akaitwa Toribio.

Majirani walijaa kwenye ua kama kawaida yao. Hawakuwa na nia ya kuuliza mshahara wala dini. Katika mji wetu majina yote ya ukoo yanaanza na T, tangu enzi za Wahispania, na mtu mwenye jina linaloanza na B ni mgeni hata kama babu yake alizikwa hapa.

"Ukoo gani?" waliuliza.

"Tornberg," alisema Toribio.

"T?"

"T."

Watu walitazamana. "Basi ni wetu," alisema mmoja. "Walipotea tu."

Mkalimani alikuwa Dada Toring, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye alifanya kazi za ndani Hong Kong miaka mingi akarudi na jokofu na Kiingereza, vyote viwili vikifanya kazi kwa kelele. Toring hakutafsiri tu, aliongeza viungo. Ulrika alisema, "Asanteni kwa kutupokea," na Toring akawaambia watu, "Anasema hajawahi kuona wenyeji wazuri kama ninyi, hasa mimi." Wiki nzima alikuwa akizigeuza nyusi za Beling kuwa maneno ya Kiingereza bila kujua kwamba anafanya kazi ya ziada. Mtoto akiinua nyusi, Toring anasema, "Anasema ndiyo, na anasema amefurahi sana." Wageni hawakuziona hata nyusi zenyewe. Walikuwa wakimtazama Toring, na kwa Presing walifikiri tu kwamba Mungu alimuumba mama yule akiwa ameshangaa.

Jambo lililowasumbua wenyeji lilikuwa kifua cha Ulrika.

Ilianza siku ya kwanza mezani. Presing alimuuliza kwa ishara kama chakula kimetosha. Ulrika akavuta hewa ndani kwa mdomo, ghafla, shup! kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Kisha akatabasamu tu. Watu waliacha vijiko hewani.

"Amejing'ata ulimi?" aliuliza mzee Ambo.

"Pumu," alisema Toring. "Hong Kong bosi wangu alikuwa nayo. Baridi ya kwao inaganda mapafuni."

Kesho yake wakamuuliza kama amelala vizuri. Shup! Wakamuuliza kama anapenda maembe. Shup! Beling akawa anamtazama kwa huruma, anamletea kiti kila aliposimama. Siku ya tatu Presing hakuweza kuvumilia. Alimlaza mgeni kwenye mkeka, akachukua chupa ya mafuta ya nazi yenye tangawizi, akaanza kumsugua kifua na mgongo kwa nguvu zote za mwanamke aliyefunga wali maisha yake yote.

"Muulize kama inauma," alimwambia Toring.

Toring aliuliza. Shup!

"Bado imebana," alisema Presing, akaongeza nguvu.

"Nanay," alinong'ona Beling, "huyu mama mkubwa anakufa?"

"Hafi. Mimi nipo."

"Akifa nani ataendesha ule mtambo?"

Kwa sababu mtambo ule ulikuwa umeshamwingia Beling moyoni. Toribio alikuwa na picha yake kwenye simu, mtambo wa manjano wenye taa juu, na Ulrika ndani yake kama malkia, na kila mahali pengine weupe mtupu. Beling aliitazama picha ile mpaka betri ikaisha. Toribio alikuwa mtu wa maneno machache. Alirekebisha mlango wa Presing uliokuwa ukilia tangu enzi na enzi, akamtengenezea jogoo wa mzee Ambo kijumba chenye paa la mteremko, kana kwamba huku nako huanguka theluji. Mzee Ambo alikizunguka kile kijumba. "Jogoo wangu sasa anaishi vizuri kuliko mimi," alisema. "Muulize kama ana mpango na nyumba yangu."

Presing aliwatazama wakicheka. Jioni alimkuta Beling amelala mapajani mwa Ulrika, mdomo wazi, mate yakimwagikia suruali ya mgeni, na mgeni hathubutu kusogeza mguu ingawa ulishakufa ganzi. Presing alisimama mlangoni, mlango ambao sasa haukulia, na ndiyo maana hawakujua kwamba yupo. Alitamani kuona kosa lolote, hata dogo. Mtu mwenye kosa ni rahisi kumnyima mtoto.

*

Asubuhi ya mwisho Presing alikuwa jikoni akikatakata fenesi changa la kupika na mbaazi na nyama ya nguruwe. Utomvu wa fenesi ulikuwa umemgandisha vidole kwenye kisu. Toring alikuwa ameenda kutengeneza nywele kwa ajili ya picha za kuagana. Mzee Ambo alikuwa kwa rafiki zake, akiwaeleza habari za paa la jogoo.

Kupitia dirishani aliwaona Beling na wageni wawili nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo. Ulrika alichuchumaa. Alikuwa amefundishwa na Toring sentensi moja ya lugha yetu, na wiki nzima alikuwa akiirudia kila mahali, msalani na sokoni.

"Unataka kuwa mtoto wetu?" alisema, kila neno likisimama peke yake kama kiti. "Uende nasi?"

Beling alikuwa anakula wali wake wa kunata. Alitafuna, akameza. Alimtazama Ulrika, akamtazama Toribio aliyekuwa ameshika shuka lililoanikwa kana kwamba bila hilo ataanguka. Kisha akainua nyusi. Zote mbili, mpaka juu.

Wao wakasubiri.

Presing, dirishani, alikuwa ameshasikia jibu. Lilimwingia kama maji sikioni. Alisimama na kisu chake, na kule nje wale wawili waliendelea kusubiri, tabasamu la Ulrika likipungua polepole.

Ulrika akauliza tena.

Beling alishangaa kidogo. Kwetu ukimuuliza mtu mara ya pili jambo aliloshakubali, maana yake hukumwamini. Lakini alikuwa mtoto mwenye adabu zake. Akaziinua tena, juu zaidi, mpaka paji la uso likajikunja na macho yakatoka.

Na hapo Ulrika aliona mtoto aliyetoa macho kwa hofu. Alishusha kichwa. Alisema neno moja kwa lugha ya kwao, na Toribio akaliachia shuka, akaja kumshika bega. Ulrika akamgusa Beling shavuni kwa kidole kimoja, kwa upole kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa, wakaondoka kwenda kufunga mizigo.

Presing alikuwa na neno moja tu la kusema, tena fupi. Angeweza kulitupa dirishani kama maganda. Alilishika. Alitazama chini, akaendelea kukata fenesi, vipande vidogo, vidogo zaidi, mpaka fenesi likawa halifai tena.

*

Gari la kukodi lilikuwa lije baada ya chakula cha mchana. Presing alisema lazima wale kwanza, hata mfungwa hula. Mzee Ambo naye alirudi kula. Toring aliingia akiwa na nywele zilizosimama kama mawimbi.

"Haya, leteni habari! Mtoto kasema nini?"

Ulrika alieleza kwa Kiingereza, akitazama sahani. Uso wa Toring ulianguka, nywele zikabaki juu.

"Anasema mtoto aliogopa. Hataki. Wanakwenda mjini kumwambia afisa." Akamgeukia Presing. "Shoga! Wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Presing alikuwa anapakua mchuzi. Hakuinua kitu chochote. Hakufungua mdomo. Lakini Toring alizitazama nyusi zile za wanja, zilizochorwa tangu asubuhi, zilizosimama juu kama kawaida yake, na akaona ndiyo.

"Jamani," alisema Toring, akakaa.

Maisha yote nyusi zile zilikuwa zimemponza Presing. Zilimpa mume, ziligawa chumvi yake, zilijaza nyumba yake watoto wa wenzake. Siku hiyo kwa mara ya kwanza zilimfanyia kazi. Zilidanganya kwa niaba yake, naye akaziacha. Aliketi mahali pake na kuanza kula, na mbaazi zikawa kama kokoto.

Kutoka pale alipoketi alikuwa anaona kizingiti, na hicho ndicho hakikuonekana na mtu mwingine mezani. Beling alikuwa amekaa kizingitini. Amevaa viatu vyake vya kanisani. Mapajani ana mfuko wa plastiki, na ndani yake kandambili, kitana, na unyoya wa jogoo. Amekaa kama abiria aliyekwisha lipa nauli.

Baada ya muda Beling aligeuka, akamwita Toring. "Muulize. Kule kwao kuna wali?"

Toring aliuliza kwa sauti ya msibani. Ulrika alimtazama mtoto, macho yakajaa maji, na akavuta hewa. Shup!

"Pumu!" Toring aliruka. "Imempata kwa huzuni! Presing, mafuta!"

Presing alishakuwa na chupa mkononi. Mzee Ambo alikuwa anampepea mgeni kwa kawa la sufuria. Na hapo Toribio, mtu wa maneno machache, aliinua mikono yake yote miwili na kusema kwa Kiingereza ambacho hata Presing alikielewa. Hapana, hapana. Si mgonjwa. Amesema ndiyo. Kwao kaskazini, mbali kabisa, watu hawapotezi neno kwa jambo dogo kama hilo. Wanavuta hewa, basi. Ndiyo, kuna wali.

Ilichukua muda kidogo kuingia.

"Ina maana," alisema mzee Ambo, kawa likiwa bado mkononi, "wiki nzima mama huyu alikuwa anatujibu?"

"Maembe anapenda!" alisema Toring. "Alilala vizuri!"

"Na siku ile ya kusuguliwa? Mlipomuuliza kama inauma?"

Wote wakaitazama chupa mkononi mwa Presing.

"Alisema ndiyo," alisema Toring. "Na Presing akaongeza nguvu."

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Mzee Ambo alicheka mpaka akashikilia meza kwa mkono wake mzima. Toring alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza, mawimbi yake yakaporomoka. Walipomfafanulia Ulrika habari ya pumu yake, naye alicheka katikati ya machozi yake, akashika mbavu kuonyesha palipokuwa pameumia. Kwenye ua, majirani walicheka bila kujua wanacheka nini.

Presing hakucheka. Beling naye hakucheka. Aliingia na mfuko wake, akapita katikati ya vicheko, akaja kusimama ubavuni mwa Presing. Nje Toribio alikuwa ameshaweka mabegi karibu na lango, na mtoto alikuwa ameyaona. Yalikuwa mabegi mawili.

"Nanay," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi niliwaambia ndiyo. Mara mbili."

"Nilikuona."

"Mbona wananiacha? Wamenikataa?"

Presing alikuwa bado ameshika chupa ya mafuta. Alimtazama mtoto yule, na kwa namna ambayo hakuipenda akaona jinsi Beling atakavyokaa siku zote zinazokuja, amevaa viatu vya kanisani, akijiuliza alikosea wapi. Angebaki, ndiyo. Angebaki akiwa mtoto aliyekataliwa, na anayejua kwamba hakukataliwa angekuwa mtu mmoja tu, anayempikia kila siku.

Alisimama akaenda jikoni. Mbele ya kipande cha kioo alimimina mafuta kiganjani, akajipaka kwenye paji la uso, akafuta kwa aproni. Wanja ulitoka kwa tabu kidogo. Alifuta mpaka pakawa peupe.

Aliporudi, kicheko kilikatika. Hakuna aliyewahi kumwona hivyo. Uso ulikuwa mpana, mtulivu, hausemi kitu.

"Mama," alisema mzee Ambo kwa sauti ya chini, "leo ndiyo nakuona."

"Nyamaza, mzee. Toring, kaa hapa. Utafsiri, na usiongeze viungo."

Alichuchumaa mbele ya Ulrika, akamwonyesha mahali ambapo nyusi zingekuwa. "Mwambie atazame hapa." Kisha akapandisha. Hapakuwa na unywele hata mmoja, ilikuwa ngozi tu, ikainuka, ikajikunja, ikashuka.

"Mwambie hii ni ndiyo. Kwao wana pumzi, sisi tuna hii. Asubuhi mtoto alimjibu hii. Mara mbili."

Toring alitafsiri, mkono ukiwa mdomoni.

"Mwambie mimi nilikuwa dirishani. Niliona. Nikanyamaza."

Toring alisita. "Shoga, hiyo si lazima."

"Sema."

"Presing..."

"Nimekwambia usiongeze. Na usipunguze."

Toring alisema. Ulrika alimtazama Presing kwa muda mrefu, uso ule uliofutwa, unaong'aa mafuta, usio na pa kujificha. Aliweka mkono wake mkubwa wa kuendeshea mtambo juu ya mkono wa Presing wenye utomvu, na ukagandia hapo.

Kisha akamgeukia Beling na kusema tena sentensi yake, neno kwa neno, kiti kwa kiti.

Beling alishusha pumzi ndefu. Mara ya tatu! Alimtazama Presing kama kumuuliza kama kweli inafaa kwenda kuishi na watu wazito hivi wa kuelewa. Presing akaitikia kidogo kwa kichwa, kama kusema watajifunza. Basi mtoto akaziinua. Juu, polepole, ili hata mtu wa Uswidi aone.

Shup! alisema Ulrika.

Na hakuna aliyekwenda kuchukua mafuta.

*

Afisa alikuja na karatasi, gari likaja, likakata kona. Presing alipunga mkono. Kilichofuata kila mtu anakijua. Mzee Ambo alikula kitunguu kwenye mbaazi, kwenye mayai, na anaapa kwamba hata kwenye kahawa.

Presing aliporudi kwenye wanja wake, alizichora chini kidogo. Mji mzima uliona. Watu walikuja kuomba chumvi wakasimama mlangoni wakiwa hawana uhakika, ikabidi wasubiri jibu. Wengine walinung'unika kwamba Presing amekuwa na roho ngumu uzeeni. Masista walipokuja na kichanga kingine, walimtazama usoni muda mrefu, wasione kitu, na mmoja wao akalazimika kuuliza kwa mdomo. Presing aliomba kwanza wamwachie afikirie. Alifikiria mpaka walipomaliza soda zao, ndipo akanyoosha mikono.

Jumapili moja mchana simu ya Toring ililia, naye akaja mbio kuileta, akaibonyeza ili wote wasikie. Hakukuwa na picha, mtandao wetu haubebi picha siku ya mvua. Ilikuwa sauti tu, na nyuma yake mngurumo wa mtambo.

"Nanay! Nipo juu! Nimekaa juu kabisa!" Kisha, baada ya kelele nyingi za theluji, na za mbwa, na za wali ambao hauliwi kila siku lakini upo, sauti ikapungua. "Nanay, wewe hujambo? Hulii?"

Presing, ameketi na kichanga begani, akainua nyusi.

"Nanay?"

Akaziinua tena, juu zaidi.

"Nanay, upo?"

"Mama," alisema mzee Ambo, "simu haina macho."

Presing alifungua mdomo. Aliufunga haraka, kwa sababu kilichokuwa kinakuja hakikuwa neno. Alitazama simu, akamtazama Toring, akawatazama majirani waliokwisha jaa kwenye ua. Kisha akakaza midomo na kuvuta hewa ndani, ghafla, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

Shup!

Mtambo uliendelea kunguruma. Halafu kutoka mbali kabisa, kutoka kwenye weupe ule, pumzi ndogo ikajibu.

Shup!

"Sasa mko wawili wenye pumu," alisema mzee Ambo. Akainuka taratibu, akaingia jikoni, na kabla mtu yeyote hajamfuata akakificha kisu cha vitunguu.